Mizimu Miwili na Tunda Moja la Kahawa

Jumapili, 2 Juni

Shule imefungwa, kahawa imeiva, na mimi nimeshika kalamu. Nikishika kalamu mwezi wa sita ujue kuna mchezo.

Mwaka huu kikundi chetu cha Nyaishozi kitaigiza tanzia ya marehemu Mwalimu Telesfori, ile ya wageni wa mfalme. Kila mtu wa Karagwe aliyepita shule ameiona, na wengi wameiona ikiigizwa vibaya. Mimi Sperancia sitaiigiza vibaya. Tutaionyesha Nane Nane, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, wakati watu wameshavuna na wana nafasi ya kukaa.

Hadithi yenyewe si ngumu. Mfalme Rwagasha na rafiki yake Mutabuzi wanachanjiana undugu, ule ambao huku tunauita omukago. Wanachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja anameza yake, na tangu hapo ni ndugu wa damu mpaka kifo. Kisha alfajiri moja wanafika wageni wawili. Ni mizimu, ingawa mfalme anadhani ni bibi vizee waliopotea njia. Mmoja husema. Wa pili hasemi kabisa, kabeba kapu tu. Yule msemaji anamwambia mfalme, "Kiti chako kitakaliwa na mtu wa nyumba ya Mutabuzi." Basi, wanakwenda zao. Mfalme hapati usingizi tena, anamuua ndugu yake, na ukoo wa Mutabuzi unakuja kwa mikuki na kukalia kiti.

Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu nani kamuua mfalme, na kila mwaka wananijibu mizimu. Nawaambia rudini mkasome. Mzimu hakumwambia shika mkuki. Mzimu alisema neno moja akaenda zake. Kilichobaki mfalme alikifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Jua kali. Vumbi la barabarani mpaka kwenye uji.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi ya kwanza. Mfalme ni Novatus, yule kijana mwenye mashamba kule mtelemkoni, mrefu, sauti nene, hana haraka. Anafaa kuvaa taji hata akiwa kavaa kandambili. Mutabuzi ni Byabato. Wageni wawili ni Adelgunda fundi cherehani na wifi yake. Adelgunda anasema maneno ya mzimu kama anaita wateja wa nyanya, lakini nitamnyoosha.

Habari kubwa hapa kijijini si mchezo, ni harusi. Novatus anamwoa Mackrine wa duka la dawa, tarehe kumi na nne Septemba. Mahari imekwisha kulipwa, tarumbeta zimekwisha kuagizwa kutoka Omurushaka. Kijana huyu hana baba wala mama, amelelewa na bibi yake, Bibi Kokwijuka, kwa hiyo bibi ndiye atakayempakata bibi harusi. Kwa wasomaji wa mbali, kama nitawahi kuwa nao: huku kwetu bibi harusi akifika nyumbani kwa mume anakalishwa mapajani kwa mzazi wa mume, mbele ya watu. Asipopakatwa, hata awe na cheti chenye mihuri yote, kwa nyumba ile bado ni mgeni.

Jumatano, 12 Juni

Byabato katuacha. Tajiri mmoja wa kahawa kamchukua kwenye lori, anazunguka Kyerwa nzima kukusanya magunia. "Mwalimu, msimu ni msimu," ananiambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha panda lori. Nimemwambia aende salama na asirudi.

Wanaume wote wako mashambani. Basi nikasema Mackrine atakuwa Mutabuzi. Watu wakacheka. Acha wacheke. Binti ana kumbukumbu, ana sauti, na akimwangalia Novatus jukwaani huhitaji kuambiwa kwamba hawa wawili wanapendana. Ndicho nilichokuwa nakosa kwa Byabato.

Ijumaa, 14 Juni

Mwinjilisti Deodatus kaja nyumbani, kakaa, kanywa chai yangu, kisha akaniomba niondoe mizimu kwenye mchezo. "Mwalimu, wageni wale wanawakumbusha watu mambo ya kale. Si ungeweka tu mshauri mbaya wa ikulu?"

Nikamwambia, "Mwinjilisti, wewe ukihubiri, shetani anapata maneno mengi kuliko malaika. Mbona humwondoi?"

Akacheka, lakini hakukubali. Nami sikukubali. Ukiondoa wageni, mfalme anabaki mwuaji tu wa kawaida, na wauaji wa kawaida tunao kwenye redio kila siku. Wageni ndio wanaotuonyesha kwamba uovu ulikuwa umelala ndani yake ukisubiri kuitwa jina.

Jumapili, 16 Juni

Leo nina mengi.

Baada ya ibada tulifanya zoezi la tukio la omukago. Mimi sipendi uongo jukwaani. Nikiona mwigizaji anakunywa kikombe kitupu nasikia kuumwa. Kwa hiyo tangu mwanzo nimesema kahawa iwe kahawa, itolewe kwenye tunda moja, imezwe. Damu tumeiacha, mimi si mwendawazimu. Bibi Kokwijuka alikuwa pembeni ya uwanja akichambua kahawa yake juu ya jamvi, anatoa mbichi anaacha zilizoiva, hatusemeshi.

Novatus akapasua tunda kwa meno, akampa Mackrine punje moja, akachukua yake. Wakameza pamoja, wakatazamana, wakasema maneno ya kiapo: "Njaa yako njaa yangu, kaburi lako kaburi langu." Walisema vizuri mno. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama.

Bibi akainuka. Akafunga kanga yake vizuri, akaja mpaka katikati.

"Novatus. Hizo punje ni za tunda moja?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mmemeza, au mmetafuna mkatema?"

"Tumemeza, Bibi. Mwalimu hataki tuteme."

Akanigeukia. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Ni mchezo tu."

Hakuitikia. Nimeishi hapa tangu niolewe kutoka Muleba, na sijawahi kuona mzee wa hapa akiachia shikamoo ianguke chini. Akamwambia mjukuu wake kwa Kinyambo, polepole, nasi sote tukasikia: kwamba leo amempata mjukuu wa pili, Mackrine, na kwamba yeye hawezi kuozesha ndugu na ndugu. Akarudi kwenye jamvi lake, akakusanya kahawa yake, akaondoka.

Mackrine akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwa Bibi. Kanikaribisha vizuri, kaniletea kahawa ya kutafuna kama desturi, wala hakununa. Nikajieleza. Nikasema hapakuwa na damu. Akasema damu ni ya kulainisha. Nikasema hapakuwa na mashahidi wa koo. "Wewe ulikuwepo, kikundi chote kilikuwepo, na mimi nilikuwepo." Nikasema omukago ni wa wanaume. "Omukago hautazami suruali, Mwalimu." Nikasema basi, mama yangu, mchezo ni mchezo.

"Na kahawa ni kahawa," akasema.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira hadi nimesahau mwavuli kwake. Mzee mkaidi! Nimefundisha tanzia miaka yote hii na sasa nashindwa na bibi mwenye jamvi.

Alhamisi, 20 Juni

Mwinjilisti kamwambia Novatus apuuze, ni upagani. Habari zikamfikia Bibi. Kajibu kwamba yeye alibatizwa kabla baba yake Mwinjilisti hajaoa, na kwamba mtu aliyeogopa mizimu ya mchezo asimfundishe mtu anayeogopa kahawa ya mchezo. Nimecheka peke yangu jikoni. Kwa jibu hilo kanishinda hata mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Adelgunda na wifi yake wamejitoa. Wanasema "mambo yameanza". Mambo gani? Wanasema tu, mambo.

Jumanne, 25 Juni

Kahawa yangu imekauka vizuri. Cassian, mume wangu, kapiga simu kutoka Rubwera ofisini kwake kuuliza kama kweli nimewafanya wachumba kuwa ndugu. Habari zimefika mpaka wilaya ya pili! Nimemwuliza kama serikali haina kazi.

Ijumaa, 28 Juni

Leo Mackrine kapanda bodaboda kwenda Omurushaka kuchukua dawa za dukani, pikipiki ikateleza kwenye mchanga pale kwenye kona. Kachubuka goti na kiwiko. Ajali ndogo, ya kila wiki. Lakini niliposhuka dukani kumpa pole nikamkuta kakaa nyuma ya kaunta, macho mekundu.

"Mwalimu, Novatus hajaja kuniona."

"Yuko shambani, mwanangu. Ni msimu."

"Alikuja mchana. Akasimama mlangoni. Akaniuliza naendeleaje, akanisalimia kama anavyosalimia binti za shangazi yake. Hakuingia."

Niliumia. Naandika hivi kwa sababu kwenye daftari hili sijidai: niliumia sana. Maana neno la Bibi halikumwangusha huyu binti kwenye pikipiki, mchanga ndio ulimwangusha. Lakini yeye sasa anauangalia mchanga anaona neno.

Jumatano, 3 Julai

Mazoezi mabaya. Mfalme anasema maneno yake yote bila kukosea na hamna kitu. Nilipowaambia wafanye tukio la kiapo, Novatus aliishika kahawa kama kaa la moto. Nikawaambia warudi nyumbani.

Jumapili, 7 Julai

Shule inafunguliwa kesho. Vumbi, vumbi.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua! Katikati ya kiangazi, bila radi, bila wingu la kutuonya, imemwagika saa ya mchana watu wakiwa ibada ya mazishi kijiji cha pili. Kahawa yote iliyokuwa juani imelowa. Tulikimbia na maturubai kila mtu na lake. Ya Novatus ndiyo iliyolowa kuliko zote, kwa sababu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Jioni nilimkuta anaigeuza kwa mikono, imeanza kunata. Nikainama nikamsaidia.

Akasema, "Mwalimu, kahawa yangu tu."

"Si yako tu. Ya kwangu imelowa, ya jirani imelowa, ya chama imelowa."

"Ya kwangu zaidi."

"Kwa sababu ulikuwa umebeba jeneza, Novatus! Ungekuwa hapa ungeifunika!"

Akaendelea kugeuza. Kisha akasema, kama anaiambia ile kahawa, kwamba labda waahirishe harusi mpaka mwakani, mambo yatulie. Kwamba ameshafikiria kumwambia baba yake Mackrine.

Ndipo nikamwona mfalme. Nimekuwa nikimfundisha tangu Juni asimame vipi wageni wakishaondoka, na hakuweza. Leo kaweza bila kufundishwa. Mabega yale yale. Kapewa neno moja, na sasa yeye mwenyewe anataka kulitimiza ili liishe. Nikamwambia asimwambie mtu yeyote lolote mpaka Nane Nane ipite. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu mimi ni mwalimu wake wa kidato cha pili na nimesema.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda tena kwa Bibi Kokwijuka. Safari hii nilikwenda na ndizi, nikakaa chini, nikaacha kubishana. Nikamwuliza tu: Bibi, kwa nini?

Akaniambia habari ambayo sikuijua. Wakati wa vita, yeye akiwa binti tu mwenye mtoto mgongoni, mume wake alikuwa mbali na kila mtu alikuwa anakimbia. Mtu aliyekuja kumchukua hakuwa shemeji wala kaka. Alikuwa Bigirimana, mtu wa mbali, wa kabila lingine, aliyemeza kahawa na mume wake miaka kadhaa kabla. Alikuja kwa miguu. Alimbeba mtoto, akawaficha kwake, akawalisha. Ng'ombe aliyekuwa naye mmoja, akamchinja. "Yule mtoto ndiye baba yake Novatus," akasema. "Hakuna karatasi iliyomleta Bigirimana. Ni punje moja tu tumboni mwake. Sasa Mwalimu, kama ile ilikuwa kweli, hii niseme ni uongo? Nikisema hii ni uongo, nimemwambia nini Bigirimana?"

Tangu Juni nilikuwa namwona bibi mkaidi anayeng'ang'ania ushirikina; leo nimemwona mtu mwenye deni la heshima analolilinda. Na kumbe naye anaumia. Aliniambia amemsukia Mackrine mkeka wa kumpakatia, anao ndani, hajui aufanyie nini.

Kisha nikafanya jambo ambalo hata mimi sikulipanga. Nikamwambia nimekosa mzimu. Adelgunda kajitoa.

"Heri," akasema. "Alikuwa anapiga kelele. Mzimu haupigi kelele, Mwalimu waitu. Mzimu unasema kama mtu anayekuomba maji."

"Basi njoo uniigizie wewe."

Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza, "Na yule wa pili, asiyesema, ni nani?"

Nikasema sijampata mtu. Akasema, "Nitakuja ukiwa wewe."

Jumamosi, 20 Julai

Mimi kuwa mtu asiyesema! Cassian alipoambiwa alicheka mpaka akakata simu. Kapiga tena baadaye, akacheka tena.

Lakini Bibi! Ee Mungu wangu. Kaingia uwanjani polepole kwa fimbo yake, kaomba kahawa ya mgeni, kapewa, kaitafuna bila haraka, na kisha kamwambia mjukuu wake lile neno la kiti kwa upole kabisa, kama mtu anayekuambia kwamba mbuzi wako kaingia shambani. Watu wote waliokuwa wanachambua kahawa waliacha kuchambua.

Nikamsahihisha kitu kimoja tu. Alitaka kumkodolea macho mfalme. Nikamwambia, "Hapana Bibi, usimlaani. Mzimu hana chuki. Anasema tu, anaenda. Mfalme ndiye anayelichukua lile neno na kulifuga."

"Na asingelichukua?"

"Lingekuwa upepo."

Akaangalia upande aliokuwa amekaa Novatus peke yake, na upande mwingine aliokuwa amekaa Mackrine peke yake.

Jumatano, 24 Julai

Kahawa inakauka upya. Mitihani ya majaribio. Sauti yangu imekauka pia.

Jumapili, 28 Julai

Mazoezi ya mwanzo mpaka mwisho. Mimi nina sheria kwamba maiti ya Mutabuzi haiondolewi jukwaani. Inabaki pale imefunikwa mpaka tamati, ili mfalme kila akipita airuke. Basi Mackrine kalala chini ya jua, kanga usoni, nzi wanamzunguka, na Novatus anamruka huku na huku kwa uso wa mtu anayeruka kaburi la kweli. Mwishoni mfalme anakufa, wageni wanarudi, Bibi anasema maneno ya kufunga: "Tulisema neno moja tu. Mengine mlisema wenyewe." Tunatoka.

Baada ya hapo Novatus akaniambia hawezi. Hawezi kumruka tena. Mackrine akasema kama hawezi basi aache, na harusi aiache, na yeye atahamia kwa dada yake Rubwera. Wakaanza kugombana mbele ya kikundi kizima, watu wasiogombana kamwe, na hasira zikanipanda. Nikapiga kofi kapu langu.

"Nyamazeni! Mmechanjiana, mmechanjiana, kila siku mmechanjiana! Kama ni hivyo, mbona hamhesabu kwamba huyu Mackrine nimeshamzika kila Jumamosi tangu mwezi wa sita? Mbona hakuna aliyenipa rambirambi?"

Wakacheka kidogo, hata Mackrine. Bibi hakucheka. Alikuwa anafunga kanga yake, akaacha katikati, akashika ncha za kanga bila kuzifunga. Nikadhani amechoka na jua. Nikamtafutia maji.

Jumapili, 4 Agosti

Mwinjilisti kaja kwenye mazoezi, kakaa mpaka mwisho, hakusema kitu. Akiondoka kasema Bibi Kokwijuka anatisha. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa.

Jumatano, 7 Agosti

Kesho. Nimepiga pasi kanga ya mzimu.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana sikuandika. Nyumba ilikuwa imejaa watu.

Uwanja ulijaa. Watu walikuja kutoka Omurushaka kwa pikipiki, Cassian kaja na nusu ya ofisi yake kutoka Rubwera, wazee wamekaa mbele kwenye viti vya kanisa, shangazi zake Mackrine mstari wa pili, wamenuna, wamekuja kuona kilichovunja harusi yao. Kahawa ilikuwa imesukumwa pembeni kwenye malundo, harufu yake kila mahali.

Tukio la kiapo walilifanya vizuri ajabu. Novatus alipompa Mackrine ile punje nilisikia shangazi mmoja akifyonza. Kisha tukaingia sisi wageni. Nitasema bila aibu kwamba nilisimama na kapu langu kimya kama nguzo, na kwamba hakuna mtu aliyekohoa. Bibi akasema neno lake. Mfalme akalichukua. Mutabuzi akauawa, akafunikwa, akalala. Novatus alimruka, na safari hii machozi yalikuwa yanamtiririka, na sikumwona mtu hata mmoja akicheka mwanamume kulia. Akafa vizuri. Akaanguka pale nilipomwambia aanguke.

Tukarudi sisi wawili. Bibi akasimama kando ya maiti mbili, akasema, "Tulisema neno moja tu. Mengine mlisema wenyewe." Hapo ndipo mwisho. Hapo ndipo nimewafundisha miaka yote kwamba ni mwisho, tunageuka, tunatoka, kimya, watu waende nyumbani na swali lao. Nikageuka.

Bibi hakugeuka.

Alivuta kile kiti cha mfalme, kigoda chenyewe, akakileta mpaka kwa maiti ya Mutabuzi. Akakaa. Akasema kwa sauti ile ile ya kuomba maji:

"Watu wa nyumba ya Mackrine, mnanisikia? Mimi niliona hawa wakimeza kahawa, nikasema kahawa ni kahawa. Sijageuza neno langu. Lakini omukago ni mpaka kifo. Leo nyote mmeona. Mutabuzi amekufa mbele yenu, ndugu yake amemlilia, naye amekufa. Kama kahawa ya mchezo ilikuwa kahawa, basi kifo cha mchezo ni kifo. Undugu umezikwa."

Akainama, akatoa kanga usoni kwa Mackrine.

"Sasa huyu simjui ni nani. Binti, inuka. Njoo uketi hapa tukuone."

Na akapiga mapaja yake.

Mackrine aliinuka na vumbi mgongoni, na damu ya mchezo kifuani, na suruali ya Mutabuzi. Akakaa mapajani kwa Bibi Kokwijuka kama mtoto. Bibi akamzungushia mikono.

Kisha shangazi yule aliyefyonza akapiga kigelegele, na uwanja mzima ukalipuka. Vigelegele mwisho wa tanzia! Mfalme aliyekufa akakaa, akasimama, hajui aende wapi, akapiga magoti mbele ya bibi yake na mchumba wake akaweka kichwa chake hapo. Wazee walikuwa wamesimama. Mwinjilisti Deodatus alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa.

Na mimi? Mimi nilikuwa mgeni asiyesema. Mchezo wangu umevunjwa, tamati ya marehemu Telesfori imekanyagwa, siwezi kusema lolote, na machozi yananishuka mpaka shingoni. Bibi akanitazama juu ya bega la Mackrine.

"Na wewe mgeni, usisimame tu. Gawa kahawa."

Nikagawa. Kapu zima, mstari kwa mstari, bila neno. Nyuma yangu nilimsikia akipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu aanze kuigiza: "Kila mtu tunda lake zima! Msije mkaniletea ndugu wengine!"

Nitabadilisha ninavyofundisha. Bado nasema mzimu hakumuua mfalme. Lakini nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba mizimu ikishasema neno lake kazi yake imekwisha. Siyo lazima. Mzimu mwenye heshima anaweza kurudi akafungua alichofunga, kama yule aliyefungwa bado hajashika mkuki.

Jumapili, 11 Agosti

Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa leo. Mwinjilisti alisoma majina, Novatus na Mackrine, akafika pale penye kuuliza kama yupo mwenye pingamizi. Akanyamaza. Kanisa zima, watoto kwa wazee, kwaya na mimi nikiwemo, tukageuka kumtazama Bibi Kokwijuka.

Alikuwa anatafuna kahawa. Akatafuna mpaka akamaliza.

"Soma," akasema. "Unasubiri nini?"